Darasa la Waoga la Papa Katekisti

Mimi ni muntu wa woga, sifichi. Naogopa radi, naogopa mashua, naogopa hata kuku akilia saa isiyo yake. Lakini ule woga wenyewe, ule unaokaa tumboni na kula na weye bukari, ugali wetu, katika sahani moja, niliupata siku munganga wa lopitali aliponiambia binti yangu Feza ana ugonjwa wa sukari. Mutoto wa shule ya musingi! Miye nilijua ule ugonjwa ni wa wakubwa wenye matumbo. Munganga akanipa chupa ndogo ya dawa na sindano ya kioo, akasema mutoto atadungwa kila siku maisha yake yote, kisha akaita mugonjwa mwingine. Nilitoka pale namuvuta Feza kwa mukono. Muuguzi mumoja akanikimbilia hadi mulangoni.

"Mama, enda kwa Katekisti, kule Kataki. Atakufundisha."

"Katekisti? Kumbe mutoto wangu anakufa?"

Kwetu Kalemie, katekisti akiingia katika nyumba ya mugonjwa, majirani wanaanza kutafuta viti vya kilio. Nilifika kwake nalia, Feza ananishika kitenge na kuniambia ninyamaze, watu wananiangalia. Nikamukuta muntu murefu, mwembamba, ameketi mbele ya mulango wake na viatu vyeusi vya ngozi, soksi juu, kwenye joto lile. Akamutazama mutoto, akanitazama miye.

"Ni nani mugonjwa kati yenu?" akauliza.

"Ni huyu mutoto, Papa."

"Na weye unatetemeka kwa nini?"

"Naogopa."

Akacheka, wallahi, akapiga makofi. "Bibi!" akamuita muke wake ndani. "Lete kiti! Leo Mungu ametuletea mwoga!"

Nilikasirika. Nilitaka kurudi nyumbani. Sikujua bado kwamba katika mudomo wake hakuna sifa kubwa kupita ile.

Jina lake sikulijua siku nyingi, na nilipolijua sikulitumia. Wakati ule serikali ilikuwa imetukataza majina ya batizo, kila muntu alikuwa sitoyeni, yaani mwananchi fulani, na kuna watu waliosahau namna ya kuitana na ndugu zao. Yeye hakupata shida. Kataki yote ilimuita Papa Katekisti, hata bibi yake, hata walevi. Ugonjwa alikuwa nao mwenyewe. Sista mumoja wa lopitali alimufundisha kujitunza, kisha sista akarudi kwao Ulaya, na yeye akaona haya kukaa na ujuzi ule peke yake. Akaanza kukusanya wagonjwa wa sukari Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, ndani ya darasa moja la shule ya parokia. Tulikuja na majembe yetu ya salongo, matope kwenye magoti, tukabanana kwenye madawati ya watoto.

Alitufundisha kwa namna moja tu aliyoijua: maswali na majibu, kwa sauti, kama watoto wa komunyo ya kwanza.

"Sukari inajificha wapi?"

"Ndani ya bukari, ndani ya ndizi, ndani ya pombe ya masanga!"

"Basi tuache kula bukari?"

"Hapana! Tupunguze donge, tuongeze majani ya sombe!"

"Munganga wako wa kila siku ni nani?"

"Ni miye mwenyewe!"

Tulipiga kelele mpaka wapita njia walifikiri ni kanisa jipya. Mumoja aliingia na Biblia yake, akakaa nyuma, akasikiliza habari za mukojo mpaka mwisho. Aliporudi Jumamosi iliyofuata tukajua naye anakojoa sana.

Maana mukojo ulikuwa somo lenyewe. Alikuwa na vichupa virefu vya kioo na dawa ya rangi ya buluu aliyoachiwa na sista. Unatia dawa, unatia matone ya mukojo wako, unachemsha juu ya mbabula ya makaa, unangoja. Ikibaki buluu, shukuru. Ikiwa kijani, angalia donge lako. Ikiwa njano, ulikula nini? Ikiwa nyekundu ya matofali, njoo mbio. Kila asubuhi nilichuchumaa mbele ya mbabula na kichupa cha Feza, nasali Salamu Maria haraka haraka kama naweza kuishinda ile rangi. Muzee wangu, baba yake Feza, aliyekuwa anafanya kazi depo ya treni, alikuwa anapita pembeni na kombe lake la chai bila kutazama. Aliogopa kuliko miye, lakini mwanaume anaita woga wake "nimechelewa kazini".

Papa Katekisti alipenda waoga, nimesema. Alikuwa na methali yake, na tulipaswa kuimalizia wote: "Kwa mwoga huenda kicheko—" na siye "kwa shujaa huenda kilio!" Mashujaa aliwachukia. Hakuwatukana, aliwatazama tu kama muntu anayetazama jeneza linapita. Tulikuwa na mumoja, mukubwa wa duane, wale wa forodha, kule bandarini, muntu wa kimo na wa sauti, anayetoa bia kwa wote. Yeye alikuja darasani kwa sababu bibi yake alilia. Papa Katekisti akatuambia tuvue viatu.

Hiyo ilikuwa desturi yake nyingine, na watu wengi walikimbia kwa ajili yake. Kila Jumamosi tulioshana miguu, kama Alhamisi Kuu, lakini si kwa ibada. Uliosha miguu ya jirani yako, ukatazama kati ya vidole, ukapapasa kisigino, ukasema kwa sauti unachokiona. "Mama Feza, sema." "Papa huyu ana malengelenge hapa, upande wa ndani." "Alijua?" "Hapana, hakujua." "Kwa nini hakujua?" Na wote: "Kwa sababu sukari inalevya miguu!" Hata kama mugonjwa ni mutoto wako tu, nawe unaosha na kuoshwa, hakusamehe muntu. Kwetu mwanamuke kushika miguu ya mwanaume asiye wake ni maneno mengi. Wengine walisema Katekisti ameharibika kichwa. Yeye akajibu, "Afadhali maneno kuliko msumeno wa munganga."

Ule mukubwa wa duane alikataa. "Miye nioshwe miguu na mama wa sokoni? Miguu yangu naijua." Akavaa viatu vyake, akaaga vizuri, akaenda. Siku moja alikanyaga musumari, akatembea nao ndani ya kiatu muchana wote, hakusikia kitu. Muguu ukaoza, tukamuzika kabla ya mvua. Kwenye kilio Papa Katekisti alisimama mbali, amejishika kiwiko, anatazama viatu vyake mwenyewe. Nikapita karibu, nikasikia anasema polepole, "Hakusikia hata kidogo. Hata kidogo." Toka siku ile nilikuwa namuamsha Feza ili nimutazame nyayo, naye anapiga teke.

Usifikiri alikuwa muntu wa huzuni. Alikuwa mucheshi, na alikuwa mulafi. Ndiyo, mulafi! Yeye aliyetukataza mikate ya mafuta alikuwa anasimama kila asubuhi kwa mama mumoja anayeikaanga njiani, anafumba macho, anavuta harufu. Yule mama alichoka. "Papa, nunua au ondoka, unamaliza harufu ya wateja." Siku kuu ya parokia alinunua mumoja, akauvunja, akaunusa pande zote mbili, akampa mbuzi wa padri. Kisha akamutazama mbuzi anavyotafuna. "Huyu," akaniambia, "hana ugonjwa wowote. Angalia dunia ilivyo."

Na alikuwa na kiburi cha dawa. Dawa zetu zote zilikaa kwake, ndani ya mutungi wa udongo uliojaa muchanga wa ziwa wenye maji, kwenye kona ya giza, na tulikuja kudungia pale. Kila chupa ilifungwa uzi wa rangi ya mwenyewe. Uzi wa Feza ulikuwa kijani, wake mwekundu. Alimwagilia ule muchanga asubuhi na jioni ili dawa zisipate joto, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa mutungi, hata bibi yake.

Basi ikaja joto moja la ajabu, lile linalofanya hata samaki wa ndagala waoze kabla ya kufika sokoni. Papa Katekisti akashika muchanga, akaona umekuwa vuguvugu. Akaogopa kwa ajili ya dawa. Akafikiri: wafanya biashara wa samaki wana chumba cha barafu kule bandarini, na mikebuka inalala mule siku nyingi bila kuharibika. Kama baridi inalinda samaki, itashindwa dawa? Akafunga chupa zote ndani ya kitambaa, akazilaza mwenyewe katikati ya barafu na samaki, akarudi nyumbani na furaha. Tulimupongeza. Nani hapa asingefanya vile? Siye wa ziwa tunajua kitu kimoja juu ya baridi: baridi inaokoa.

Zikaganda kama mawe. Zilipoyeyuka zilionekana ni dawa ileile. Tukachoma kama kawaida.

Kichupa cha Feza kikawa njano. Siku ya pili, matofali. Nikamuuliza, "Umekula nini?" Akalia, "Mama, sijakula kitu!" Nikamugombeza bado, maana nilitaka iwe kosa la chakula, kosa la chakula lina dawa. Akaanza kunywa maji kama ardhi kavu. Kisha akaacha kucheza, akalala kwenye mukeka, akawa anapumua kwa nguvu na kwa haraka kama aliyekimbia, na mudomo wake ukanuka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Ile harufu! Mpaka leo ndizi zikiiva sana nyumbani mwangu natupa. Nikapiga yowe, muzee wangu akamufunga mgongoni kwa kitenge changu, akapanda baiskeli, miye nikakimbia nyuma bila kiatu. Lopitali walikuwa na chupa moja. Moja tu, na ilikuwa nzima. Niliketi chini kwenye sementi nikishika kitanda, nikimuambia Mungu maneno ambayo muntu haambii hata jirani.

Papa Katekisti alifika amekosa pumzi, na ile chupa yenye uzi wa kijani mukononi. Aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akanionyesha. Ndani kulikuwa na vipande vidogo vinaelea, kama maziwa yaliyokatika.

"Ni miye, Mama Feza," akasema. "Niliiua dawa. Barafu imeiua."

Feza alifungua macho kesho yake.

Jumamosi ile darasa lilijaa, na nilifikiri hatakuja. Alikuja. Alisimama mbele, amevaa viatu vyake, akasema kuna swali jipya.

"Ni nani aliyeua dawa?"

Watu wakatazama chini.

"Ni nani aliyeua dawa? Jibuni!"

"Ni Papa Katekisti," sauti moja ikasema, ndogo.

"Kwa nini?"

Jibu la hilo akatufundisha mwenyewe: "Alifikiri baridi ikizidi, uzuri unazidi." Tukarudia. Akatufanya turudie kila Jumamosi, miaka yote, na kila mugonjwa mupya alijifunza jibu hilo kabla hajamujua jina. Watoto walilisema wakicheka. Yeye hakucheka kwenye swali lile.

Kitu kimoja tulipigana naye, miye na yeye. Alitaka Feza ajidunge mwenyewe. "Siku nyingine mama hayuko," alisema. Hayuko wapi? Ningeenda wapi miye? Akamufundisha kwa papai bichi na maji, mpaka papai likawa na matundu kama chujio, kisha akamupa sindano yenyewe, iliyochemshwa, na akaniambia nitoke nje. Nilisimama nyuma ya nyumba nimeshika ukuta. Nikasikia Feza anasema, "Kumbe ni hivi tu?" Nikakaa chini kwenye majivu.

Papa Katekisti mwenyewe alijidunga ameelekea ukutani, midomo inatembea. Nilifikiri anasali.

Aliwafundisha hata majirani wasio na ugonjwa, na hapo alikuwa na haki, nakubali. Siku moja Feza alianguka kwenye foleni ya maji, jasho linamutiririka, anatetemeka, anasema maneno yasiyo na kichwa. Wanawake wa kundi la maombi wakamuzunguka, pepo toka, pepo toka! Nilifika na ndoo yangu, nikaganda. Najua jibu, nimelipigia kelele mara ngapi: jasho na kutetemeka, sukari imeshuka, mupe sukari. Lakini jamani! Kumutia mutoto wangu sukari mudomoni, ile ile niliyoifukuza nyumbani kama nyoka? Mukono ulikataa. Ni yule mama wa mikate ya mafuta aliyenisukuma, akapiga magoti, akamukoroga sukari kwenye kikombe akamunywesha kidogo kidogo. "Katekisti alinifundisha," akaniambia, "akiwa ananusa bure." Feza akakaa, akauliza mbona watu wote wanamuangalia.

Sasa nifike mahali ambapo sipendi kufika. Nitakuambia mwisho kwanza, usije kuniuliza katikati: Feza yuko, ni mama wa watoto, na ananicheka mpaka leo kwa woga wangu. Papa Katekisti alivuka ule mwezi wa kukosa dawa, lakini muguu wake mumoja haukuvuka. Aliishi miaka mingine, akifundisha ameketi, kisha akaenda.

Ilikuwa wakati Zaire inachakaa. Treni ilikuwa inatoka Kabalo siku ikijisikia, kisha haikutoka tena. Dawa zetu zilikuwa zinakuja na treni ile. Mutungi ukaanza kuwa na muchanga mwingi na chupa chache. Watu wakaanza kupunguza, wengine wakaenda kwa waganga wa mizizi, wawili tuliwazika. Walisema kuna mashua kutoka Kigoma yenye dawa za misheni. Walisema kesho. Nilienda bandarini kila asubuhi kutazama maji mpaka macho yaniume, miye ninayeogopa ziwa, nikaliomba ziwa.

Asubuhi moja, pale kwa Katekisti, chupa ya Feza ilitoa hewa tu. Alikuwa musichana mukubwa wakati ule, kifua kimeota, alinitazama akasema, "Mama, usilie bado." Nikaenda lopitali: hakuna. Nikaenda kwa masista: hakuna. Nikarudi Kataki.

Bibi yake alikuwa uani anatwanga sombe, akanionyesha mulango kwa kidevu. Papa Katekisti alikuwa amepiga magoti mbele ya mutungi. Hakuniuliza nimefuata nini. Akaingiza mukono kwenye muchanga mpaka kwenye kiwiko, akatafuta, akatoa chupa moja. Ilikuwa na uzi mwekundu.

"Hiyo ni yako, Papa."

"Ni ya mwisho," akasema. "Itamufikisha Feza mpaka mashua ije."

"Na weye?"

"Ulisoma hapa miaka mingapi? Miye ugonjwa nimeupata ukubwani, mwili wangu bado unatengeneza dawa yake kidogo. Nitapunguza donge, nitakunywa maji, nitangoja. Feza hana hata tone ndani yake. Bila hii atafika siku gani? Sema."

Akangoja kama darasani. Nikasema, "Hatafika Jumapili, Papa."

"Vizuri. Chukua."

Akanyoosha mukono. Nikashika chupa. Haikutoka. Nikafikiri sikushika vizuri, nikavuta kidogo, kwa heshima. Haikutoka. Vidole vyake vilikuwa vimeifunga, muchanga bado umeshika kwenye kucha, na jasho lilikuwa linamutoka kwenye paji la uso. Alikuwa anautazama ule mukono kama ni wa muntu mwingine aliyeingia nyumbani bila hodi.

"Papa?"

"Naona," akasema. "Naviambia viachie, vinakataa."

"Papa, unaogopa?"

"Toka siku ya kwanza, mama. Kila asubuhi ya Mungu. Ulifikiri kwa nini nawapenda waoga?" Akautazama tena ule mukono. "Usiniachie niamue mara ya pili. Nisaidie. Anza na kidole kidogo."

Nje, bibi yake alikuwa ameacha kutwanga. Nikapiga magoti kwenye muchanga uliolowa, tukatazamana na muzee yule, wote wawili tunatetemeka, nikaanza na kidole kidogo.